Gia nne au tano? Jibu lilikuwa kwenye goti la mzee

Kwa wiki tatu mfululizo, familia moja ya Nairobi haikumaliza chakula cha jioni bila ubishi kuhusu giaboksi. Baba, mstaafu wa miaka 68, alitaka gari lake la zamani la mbio lirudishiwe gia nne. Kifungua mimba wake, mhasibu wa miaka 34, alitaka liwekwe gia tano. Mama alitaka tu waache kupanga vyuma vyenye grisi kwenye meza ya chakula.

Gari lenyewe ni Ford Escort Mexico. Jina hilo lina historia. Mwaka 1970, Hannu Mikkola wa Finland alishinda mbio ndefu za kutoka London hadi Mexico akiendesha Escort, na kampuni ya Ford ikatoa toleo la kuadhimisha ushindi huo. Mwaka 1972, Mikkola huyo huyo alishinda Safari Rally akiwa na Escort RS1600 na kuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kutwaa taji hilo. Baba alikuwa mvulana wa miaka 15, amesimama kando ya barabara, na vumbi la magari hayo lilimwingia machoni na moyoni. Alipopata kazi aliweka akiba hadi akanunua Escort yake.

Gari lilikaa chini ya turubai kwa miaka mingi watoto wakisoma. Sasa baba na binti wanaliandaa kwa mashindano ya magari ya zamani, ya aina ya East African Safari Classic iliyoanza mwaka 2003. Injini iko tayari. Kilichobaki ni giaboksi, ambayo gia ya pili huchomoka yenyewe kila dereva anapoachilia mafuta.

Fundi wao alipata giaboksi ya gia tano iliyotolewa kwenye Ford Sierra. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko kufungua ile ya zamani na kuibadilisha vipuri. Binti alikuwa amekopa kwenye SACCO na alitakiwa kulipa Ijumaa.

"Baba, siku hizi nani anaendesha gia nne?" aliuliza.

"Gari hili lilizaliwa na nne, binti yangu. Litakufa na nne."

Hapo ndipo mazungumzo yalipokuwa yakikwama kila jioni.

Jumatano usiku binti aliamua kufanya anachokijua vizuri, yaani hesabu. Alichukua kikokotoo na kuandika namba za giaboksi zote mbili kwenye daftari la mtoto wake.

Gia ni kama vipandio vya ngazi. Injini ya mbio haina nguvu wakati wote; yao huvuta vizuri ikiwa kati ya mizunguko 4,200 na 6,500 kwa dakika. Kila dereva anapopanda gia, mizunguko hushuka. Ikishuka kidogo, injini hubaki na nguvu. Ikishuka sana, gari huzubaa mlimani huku wengine wakipita. Kwa hiyo jambo kubwa si idadi ya vipandio, bali umbali kati ya kimoja na kingine.

Giaboksi ya gia nne ya Escort Mexico ina uwiano wa 2.97, 2.01, 1.40 na 1.00. Ile ya Sierra ina 3.65, 1.97, 1.37, 1.00 na 0.82. Binti alichukulia kwamba dereva anabadilisha gia injini ikifika mizunguko 6,500. Kutoka gia ya kwanza hadi ya pili, giaboksi ya zamani hushusha injini hadi 4,400 hivi, ambapo nguvu bado ipo. Ile ya Sierra huishusha hadi 3,500. Kwenye kona ya mlimani, hapo gari limelala.

Kuanzia gia ya pili hadi ya nne, giaboksi hizo mbili hazina tofauti kubwa. Gia ya tano ya Sierra nayo haikuwekwa kwa ajili ya mbio. Imewekwa kupumzisha injini barabara kuu. Gari linalozungusha injini mara 4,400 kwenye gia ya nne litazungusha 3,600 hivi kwenye ya tano kwa mwendo ule ule. Kelele hupungua na mafuta huokolewa. Kwa anayesafiri kutoka Nairobi hadi Mombasa hiyo ni neema, lakini anayepanda kilima kwa kushindana hataigusa.

Si kwamba gia tano ni mbaya kwa mbio. Timu ya Ford yenyewe ilitumia giaboksi za gia tano za ZF kwenye Escort zake za mbio. Lakini hizo zilitengenezwa vipandio vikiwa karibu karibu, na gia ya tano ikiwa 1.00. Kuipata moja leo ni gharama ambayo mkopo ule wa SACCO usingeifikia.

Kisha kulikuwa na suala la kanuni. Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, lina kanuni za magari ya kihistoria zinazotaka gari liwe katika hali liliyoshindania enzi zake. Giaboksi ya Sierra ilitoka mwaka 1982, wakati Escort za kizazi hicho zilikuwa zimeacha kutengenezwa miaka mingi nyuma. Pia ni ndefu zaidi, hivyo propela shafti ingelazimika kukatwa. Gari lingeweza kukataliwa kwenye ukaguzi kabla ya kuwasha injini.

Binti alifunga daftari. "Baba, umeshinda."

Baba hakufurahi. Alinyamaza akisugua goti lake la kushoto chini ya meza. Mama, aliyekuwa akiosha vyombo, aligeuka.

"Mzee, mwambie mtoto ukweli. Wewe hutaki gia nne kwa sababu ya Mikkola."

Ukweli ulitoka polepole. Kwa karibu mwaka mzima goti hilo lilikuwa likimuuma. Asubuhi lilikakamaa, na ngazi alizishuka kwa upande akishikilia ukuta. Mguu wa kushoto ndio unaokanyaga klachi. Katika akili yake, gia nne zilimaanisha kukanyaga klachi mara chache kuliko gia tano. Hakuwa akitetea historia. Alikuwa akihesabu ni mara ngapi angeweza kuvumilia maumivu kabla ya mtu kumwambia aachie usukani.

"Ningekuambia nini?" alisema. "Kwamba gari nililolingoja tangu utotoni siwezi kulikanyaga?"

Binti hakuwa na hesabu ya jambo hilo.

Asubuhi iliyofuata hawakwenda kwa fundi. Walikwenda kliniki. Daktari alimpima na kumwambia kwamba gegedu la goti limechakaa, hali inayowapata wengi wa umri wake. Alimpa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na kumshauri apunguze uzito. Kuhusu mashindano hakuzunguka: mguu unaosita kwa maumivu hauwezi kutegemewa pale dereva anapohitaji kufanya jambo kwa nusu sekunde.

Ijumaa ilipofika, pesa za SACCO zililipia beringi, sinkronaiza na klachi mpya. Giaboksi ya gia nne ilifunguliwa, ikaoshwa, ikafungwa tena. Binti ndiye atakayeendesha kwenye mashindano. Baba atakaa kushoto kwake na kumsomea njia, kazi inayohitaji macho makali na moyo mtulivu, si goti. Bado halijamkalia vizuri. Juzi alionekana ameketi peke yake kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mkono juu ya kijiti cha gia. Mama alimpelekea chai huko huko, hakumwambia kitu.

Familia nyingi zina giaboksi yao, hata kama hazina gari. Inaweza kuwa shamba, duka au nyumba ya ushago. Mzazi anaposhikilia jambo dogo kwa nguvu isiyo ya kawaida, kabla ya kumuita mkaidi, mwangalie anavyoinuka kitini na anavyoshuka ngazi. Muulize mkiwa wawili, si mbele ya meza nzima. Na maumivu ya kiungo yanayozidi wiki chache, hasa kikivimba, kikikakamaa au kikikwama, yasiachiwe uzee. Apelekwe kituo cha afya mapema, wakati bado kuna mengi ya kufanywa.

Kuhusu gari, anayetaka kubadilisha giaboksi aanze na maswali matatu: kanuni zinaruhusu nini, uwiano wa gia ukoje, na nani hasa atakanyaga klachi. Katika nyumba ile, swali la tatu ndilo lililochukua wiki tatu kuulizwa.