Pistoni Huchaguliwa kwa Kazi Yake

Mama mmoja ametuuliza: injini ya gari la nyumbani imefunguliwa kwa fundi, na mwanawe ataka itiwe pistoni za kufuliwa, kama za magari ya mashindano. Je, ampe fedha?

Jibu letu laanzia kwenye kazi ya gari. Pistoni za kusubu humiminwa kwenye kalibu. Nyingine huzidishiwa silikoni ili zisitanuke sana kwa joto. Hukaa karibu na ukuta wa silinda, na injini hutulia. Za kufuliwa hushindiliwa kwa nguvu kubwa, nazo huvumilia mateso ya tabochaja; lakini hutanuka zaidi, huhitaji nafasi pana zaidi, na asubuhi hugongagonga mpaka zipate joto. Bei yake pia ni kubwa.

Tena, pistoni yenye kuzidisha mkandamizo hudai petroli ya oktani ya juu. Ikikosekana, petroli hujiripukia ovyo ndani ya silinda, na pistoni huweza kupasuka.

Gari hili lapeleka watoto chuoni na wagonjwa hospitali. Rai yetu ni za kusubu zenye silikoni, wala isinunuliwe hata moja kabla fundi hajapima silinda na kutaja saizi. Fedha itakayobaki iende kwenye breki na matairi.

Kijana asikemewe kwa hamu yake. Naaende akashuhudie vipimo. Dini haikukataza nguvu, imekataza israfu. Wallahu aalam.