Oksijeni Nayo Ina Kipimo Chake

Sisi sote twajua kwamba mtu akikosa hewa hufa. Katika hewa hiyo, sehemu 21 kwa 100 ni oksijeni, nayo ndiyo itunzayo uhai wetu. Je, yaweza kuwa sumu? Ndiyo, ikisukumwa mwilini kwa nguvu kupita kiasi.

Mwaka 1878, mtaalamu Mfaransa Paul Bert alieleza kwamba wanyama waliovuta oksijeni yenye mgandamizo mkubwa walianguka kama wenye kifafa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Kenneth Donald aliwachunguza wapiga-mbizi wa jeshi la bahari la Uingereza. Akaona kwamba mtu yule yule aliyevumilia leo aweza kuanguka mapema kesho. Naye aangukaye ndani ya maji huzama.

Sababu yake ni nini? Ubongo una wajumbe wa namna mbili: glutamati huamsha mishipa ya fahamu, gaba huituliza. Kila mjumbe huingia katika kipokezi chake, kama ufunguo katika kufuli. Oksijeni ikizidi mno, gaba hupungua. Mishipa huamka yote pamoja, na mwili hutikisika.

Kwa hiyo waganga wametafuta msaada katika vipokezi hivyo. Dawa iitwayo diazepamu huongeza nguvu ya gaba, na katika majaribio ya wanyama imechelewesha kifafa hicho. Lakini tusidanganyike: kutuliza mtikisiko si kuondoa sumu. Mwili ukinyamaza kwa dawa, oksijeni yaweza kuendelea kudhuru mapafu, na dalili ya kutuonya imefichwa.

Hata hivyo tusiiogope tiba hii. Hospitali zenye chumba cha mgandamizo huwatibu kwa oksijeni watu walioathiriwa na moshi wa makaa, na wapiga-mbizi waliopanda juu haraka mno. Wagonjwa hupewa vipindi vya kuvuta hewa ya kawaida, ili ubongo upumzike. Mmoja akishikwa na kifafa, wauguzi humwondolea oksijeni kwanza. Wala hawapunguzi mgandamizo wa chumba mpaka apumue tena sawasawa, maana pumzi iliyozuiliwa yaweza kupasua mapafu.

Basi tukumbuke: dawa husaidia, lakini kinga ya kwanza ni kipimo.