Mpango wa Biashara na Lugha ya Mwenye Biashara
Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, mfanyabiashara mdogo wa Thika au Ruiru atafutaye mtaji mara nyingi huandikiwa mpango wa biashara kwa Kiingereza na mtu mwingine. Mwekezaji amwulizapo kuhusu gharama, mauzo na washindani, hubabaika, ilhali mambo hayohayo huyajadili sokoni kila siku kwa Kiswahili. Nguo ya kuazima haisitiri. Mwekezaji huvutiwa na hoja ambayo mwenyewe aweza kuitetea. Basi wanafunzi wa Kiswahili waandae kielelezo cha mpango huo kwa lugha sanifu; istilahi hukomazwa na matumizi, si kamusi pekee.