Koseti ifuate mwili, si mwili ufuate koseti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo akina mama tunalizungumza jikoni lakini tunaona haya kulileta barazani. Nalo ni koseti, yaani ile nguo ya kubana kiuno, yenye vyuma mbavuni na kamba mgongoni, ambayo siku hizi baadhi yetu huivaa kupigia picha ya chumbani ya kumpa mume.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kashaulili, Mpanda. Najua wapo watakaosema huu ni uhuni wa kuiga. Watatukumbusha Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyopiga marufuku nguo fupi na za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Nawajibu kwamba ile ilihusu mavazi ya barabarani. Chumbani ni kwingine. Bibi zetu walivaa shanga kiunoni na hakuna aliyewaita wahuni. Ugomvi wangu si na koseti, bali na jinsi tunavyoichagua.

Nasema kwa yaliyonipata. Mwaka jana, nilipotimiza miaka 20 ya ndoa, nilinunua koseti ya mtumba. Muuzaji alinitazama kwa macho tu, akasema, "Mama, hii ndiyo saizi yako, ikibana ndiyo uzuri wenyewe." Mimi ninayempima kila mteja kwa futi kamba sikujipima! Siku ya picha mdogo wangu aliivuta ile kamba huku goti lake liko mgongoni mwangu. Nilishindwa kuketi, pumzi ikawa ya juu juu, macho yakaingia kiza. Katika picha kiuno kilikuwa chembamba kweli, lakini nyama zilifura juu na chini ya nguo, na uso ulikuwa wa mtu anayeng'olewa jino. Mume wangu hakusifu. Aliniuliza, "Mama watoto, siku hiyo ulikuwa unaumwa?"

Kwa hiyo nawashauri wenzangu. Kwanza, jipime chini ya kifua, kiunoni na nyongani, wala usiamini namba iliyoshonwa kwenye nguo. Kwa mara ya kwanza inchi 2 za kupunguza kiuno zinatosha. Mwenye kiuno cha inchi 34 afunge hadi 32, asitamani 26. Mwenye kiwiliwili kifupi asichukue koseti ndefu, itamchoma mapajani akikaa. Mwenye kifua kizito achague inayokibeba. Vyuma vinavyopinda ni bora kuliko plastiki, ambayo hukunjika na kudunga mbavu. Kamba ivutwe polepole, kisha uketi, upumue na ucheke. Usipoweza kucheka, hiyo si yako. Aliyejifungua karibuni au aliyepasuliwa tumbo amwulize kwanza mkunga au daktari.

Na rangi? Ile inayoitwa rangi ya ngozi ilikusudiwa ngozi za Wazungu. Ngozi zetu nyeusi hung'aa katika rangi ya zambarau au kijani kilichokolea.

Jambo la mwisho ni picha yenyewe. Apige mwanamke unayemwamini, kwa simu yako, nyumbani kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, lakini picha ikishatoka mlangoni haina wa kuirudisha.

Nawaomba wafanyabiashara wa nguo waweke futi kamba mezani na waache kuwadanganya wateja kwamba maumivu ndiyo urembo. Nasi mafundi tujifunze kushona koseti kwa vipimo vya wanawake wa hapa, waliobeba mimba, maji na kuni. Yangu ya pili niliishona mwenyewe kwa satini. Kiuno hakikuwa chembamba kama cha kwanza, lakini katika picha hiyo ninacheka, na mume wangu ameiweka ndani ya sanduku lake la nguo.

Mwili ndio uliotangulia, koseti imekuja baadaye. Basi yenyewe ndiyo itufuate.

Fundi wa Nguo za Kike,
Kashaulili, Mpanda.