Miji ya Ufipa Inakua: Anayenunua Kiwanja Ajue Anachonunua

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Idadi ya watu katika Mkoa wa Rukwa inaongezeka kwa kasi. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 1,004,539. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta 1,540,519. Hilo ni ongezeko la zaidi ya nusu katika kipindi cha miaka kumi, na sehemu yake inaonekana kwa macho pembezoni mwa Manispaa ya Sumbawanga na katika miji midogo ya uwanda wa Ufipa, ambako mashamba ya mahindi na maharage yanageuka kuwa misingi ya nyumba.

Sababu za ukuaji huo zinajulikana. Barabara ya lami kutoka Tunduma imeufungua mkoa ambao kwa miaka mingi ulifikika kwa shida wakati wa masika. Barabara nyingine inashuka kupitia Matai kuelekea Bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, na nyingine inakwenda kaskazini kupitia Wilaya ya Nkasi hadi Mpanda. Kuanzishwa kwa Wilaya ya Kalambo mwaka 2012 kuliifanya Matai kuwa makao makuu ya wilaya, kama ilivyo Namanyere kwa Nkasi. Agizo la Serikali la kuzitaka halmashauri zihamie katika maeneo ya wananchi zinaowahudumia liliitoa Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga mjini na kuipeleka Laela. Kila hatua ya namna hiyo huja na watumishi, wafanyabiashara na mafundi, na wote wanahitaji mahali pa kuishi.

Hata hivyo, tangazo la mradi na upimaji wa viwanja havifiki siku moja. Makao makuu yanapotajwa au barabara inapoanza kujengwa, bei ya ardhi hupanda mara moja. Ilhali mchoro wa mipango miji, upimaji na umilikishaji huchukua muda. Katika pengo hilo ndipo dalali hupata nafasi. Mnunuzi huoneshwa shamba lililokatwa vipande kwa hatua za miguu, hupewa karatasi ya mauziano yenye mhuri, hulipa fedha taslimu na kuanza kumwaga kokoto. Anaamini amenunua kiwanja, kumbe mara nyingi amenunua shamba lisilopimwa, ambalo hajui kesho litapangiwa matumizi gani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayehamia Ufipa lihusu aina ya ardhi, na bei ije baadaye. Sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zinatofautisha ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Shamba lililo mita chache nje ya mji mdogo linaweza kuwa chini ya mamlaka tofauti kabisa na kiwanja kilicho ng'ambo ya barabara.

Katika ardhi ya kijiji, msimamizi ni Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kumgawia mtu ardhi, wala mtendaji hana. Halmashauri ya Kijiji yenyewe haiwezi kugawa bila ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hata mwanakijiji anayeuza haki yake ya kimila kwa mgeni anahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na uhamisho usiofuata masharti hayo hauna nguvu ya kisheria. Mhuri kwenye karatasi ya mauziano huthibitisha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Hauwezi kuchukua nafasi ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha.

Suala hili lina historia yake. Vijiji vingi vya Tanzania, vikiwemo vya Rukwa, vilipangwa upya wakati wa Operesheni Vijiji, ambapo familia zilihamishwa na kugawiwa mashamba yaliyokuwa yakitumiwa na wengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilithibitisha uhalali wa ugawaji uliofanyika kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, lakini kumbukumbu za koo hazikufutika. Mnunuzi anayezungumza na muuzaji mmoja tu, bila kuwauliza majirani wa pande zote nne, anaweza kukaribishwa na madai ambayo yana umri mkubwa kuliko wake.

Katika miji iliyotangazwa kuwa maeneo ya mipango miji, njia ni nyingine. Huko mwongozo ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 na mchoro ulioidhinishwa. Kiwanja kilichopimwa kina namba, kitalu, mawe ya mipaka na matumizi yaliyotajwa. Mmiliki hupewa hati ya hakimiliki kwa kipindi kama cha miaka 33, 66 au 99, yenye masharti ya uendelezaji na kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka. Anayenunua kwa mtu mwenye hati anapaswa kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ili kujua iwapo kiwanja kina mkopo, zuio la mahakama au deni la kodi. Mkataba uwe wa maandishi, na uhamisho wa milki usajiliwe. Bila usajili, jina linaloendelea kusomeka katika daftari ni la muuzaji.

Upande wa muuzaji nao unahitaji kuangaliwa, kwa kuwa ndipo familia nyingi za Ufipa zinapojeruhiwa. Shamba la pembeni mwa mji huuzwa haraka kutokana na ada ya shule, ugonjwa au tamaa ya pikipiki, kisha familia hujikuta haina mahali pa kulima wala fedha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anayekubali saini ya mume peke yake anajinunulia kesi, na mke anayenyamaza kwa kudhani kwamba mali ni ya mume hajui kinga aliyopewa na sheria. Katika mashamba ya urithi, ridhaa ya warithi na uthibitisho wa msimamizi wa mirathi ni mambo ya lazima.

Zipo pia sehemu zinazovutia kwa macho lakini hazifai kujengwa. Viwanja vinavyogusa barabara kuu ndivyo vinavyotafutwa zaidi na wafanyabiashara wa Laela na miji mingine iliyo kando ya lami. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya eneo hilo baada ya sheria hatarajii fidia. Vivyo hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na maziwa. Kiwanja cha bei nafuu bondeni, kilichokauka Agosti, kinapaswa kutazamwa tena Machi, mvua inapokuwa imekolea.

Lawama zote haziwezi kubebeshwa mwananchi. Watu hununua ardhi isiyopimwa kwa sababu viwanja vilivyopimwa ni vichache na gharama za upimaji humlemea mwenye kipato kidogo. Mpango wa kupanga, kupima na kumilikisha ardhi, urasimishaji wa makazi holela na Mradi wa Uboreshaji wa Usalama wa Milki za Ardhi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia ni majibu ya tatizo hilo kitaifa. Kwa miji midogo ya Ufipa, faida ya kuanza mapema ni kubwa. Urasimishaji ni kazi ya kutafuta njia ya gari la zimamoto katikati ya nyumba zilizokwisha jengwa. Kupima shamba tupu ni rahisi zaidi, na hakumvunjii mtu ukuta. Namanyere, Matai na Laela bado zina nafasi ambayo miji mingi mikubwa imekwisha ipoteza.

Halmashauri zinazopanga viwanja kabla ya kutangaza miradi, na kuwashirikisha wenye mashamba ili nao wabaki na viwanja, hulinda mapato yao pamoja na amani ya wananchi. Mkulima aliyebakiziwa viwanja vyenye hati katika shamba lake la zamani hunufaika na ukuaji wa mji badala ya kusukumwa nao.

Panapotokea mgogoro, ngazi ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu na halitoi uamuzi. Shauri lisilosuluhishwa huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Safari hiyo ni ndefu kuliko siku moja ya kufika ofisi ya ardhi ya halmashauri na kuuliza maswali manne: ardhi hii ni ya aina gani, imepangiwa matumizi gani, nani anatambulika kuwa mmiliki, na nani mwingine ana haki juu yake. Majibu yapatikane kwa maandishi kabla fedha haijatoka mkononi.