Wapiga Picha za Magari Kericho, Wacheni Kulaumu Jua

Nitasema na mkasirike. Nusu ya picha za magari zinazotoka huku kwetu, kuanzia Kericho mjini, Litein, Sotik mpaka Bomet, zimeungua. Boneti nyeupe kama sahani, kioo cha mbele kimegeuka karatasi, na kwa mlango mweusi unamwona mpiga picha mwenyewe amechuchumaa na simu yake. Halafu chini ameandika, "Jua lilikuwa kali, mtanisamehe." Kwani jua la Kericho limeanza jana?

Gari likishaoshwa ni kioo, basi. Juu ya rangi kuna tabaka la vanishi, na hilo tabaka litakuonyesha chochote kilicho mbele yake: jua, mabati ya duka, tumbo lako. Ule mng'ao unaoulalamikia umeuweka wewe mwenyewe, kwa kuegesha gari pale na kusimama hapo. Rudisha gari nyuma kidogo, ligeuze ubavu uangalie shamba la chai, uone vile mlango utabeba kijani badala ya kumeza jua. Tuko na shamba la chai kila kona, bure, na mtu bado anapiga ndai ikiangalia ukuta mweupe wa petroli stesheni!

YouTube pia wametupoteza. Eti subiri mwanga wa dhahabu wa jioni. Anayesema hivyo yuko London au Toronto, ambako jua hushuka kwa mshazari, polepole, likikokota miguu. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, na hapa jua linaanguka karibu wima. Kutoka mwanga ulainike mpaka jua lizame ni dakika kama 25 hivi, na hizo dakika zenyewe Kericho mara nyingi zinapata mvua. Kama ni msafara wa harusi wa magari sita, umemaliza moja na bibi harusi ashakasirika.

Chenye tunacho na wao wangekilipia ni mawingu. Kabla ya mvua ya alasiri anga inajifunika, na mwanga unaanza kutoka kila upande badala ya tundu moja. Lile doa kali linatandazwa juu ya bodi, mistari ya gari inaonekana. Wasee wakiona wingu wanafunga kamera. Bana! Hapo ndipo kazi inaanza. Kivuli cha mikaratusi pia ni sawa, lakini kiwe kimefunika gari lote, maana kile cha madoadoa kinafanya Subaru ifanane na chui.

Na mteja akisema lazima iwe saa saba mchana, kuna polaraiza. Ni filta inayofungwa mbele ya lenzi, unazungusha pete yake polepole ukiangalia mng'ao ukizimika. Inafanya kazi kwa kioo na kwa rangi, hasa ukisimama kando kwa mshazari, si uso kwa uso na gari. Majani chai nayo yanapoteza ule weupe wa nta na kuwa kijani kweli. Kwa kromu na chuma kitupu haisaidii, usijisumbue. Itakula nusu ya mwanga au zaidi, lakini saa saba mchana mwanga si shida yako. Uko na simu tu? Chukua miwani ya jua ya polaraizi, iweke mbele ya lenzi, izungushe. Watu watacheka, wacha wacheke.

Sasa wale wa "nitarekebisha nikifika nyumbani". Mahali palipoungua kuwa peupe kabisa kamera haikunasa kitu, hakuna rangi iliyojificha humo. Ukiambia AI ijaze, itabuni. Kwa picha ya harusi huo ni ujinga tu. Kwa gari linalouzwa ni uongo, kwa sababu mng'ao unakaa pale pale ambapo mkunjo, mkwaruzo na rangi iliyorudiwa vinaonekana. Mtu anatoka Bomet na nauli yake, pengine na doo ya mkopo, akifuata mlango laini uliochorwa na programu. Akifika anakuta mlango umepigwa nyundo. Na wewe ulilipwa kwa hiyo picha.

Halafu, jameni, msitegee mwanga kando ya barabara kuu. Londiani, Juni 30, 2023, lori lilivamia watu waliokuwa wamesimama kando ya barabara tu, zaidi ya 50 wakafa. Ingia barabara ya shambani, omba ruhusa kwa mwenye shamba, na upige ukiwa umetulia.

Kuna mmoja ataniambia polaraiza ni ghali. Sawa. Kugeuza gari ni pesa ngapi?