Kuhesabu Kura Si Kazi Ndogo



Wengi wetu wa darasa la sita tumetimiza miaka 18, tuko na ruhusa ya kupiga kura. Lakini tunasikia wengine wakisema: «Kura yangu moja itafanya nini?» Neno hilo hatulikubali. Tuangalie jimbo la Florida, kule Marekani, mwaka 2000.

Kule Rais hachaguliwi kwa jumla ya kura za inchi nzima. Kila jimbo liko na hesabu yake ya wachaguzi, na karibu majimbo yote yanawatoa wote kwa yule aliyeshinda pale. Florida ilikuwa na wachaguzi 25. Bila hao, wala George Bush wala Al Gore hakuweza kushinda.

Siku ya 7 Novemba watu karibu milioni 6 walipiga kura katika Florida. Mwisho, Bush alimupita Gore kwa kura 537 tu. Watu 537 wanaenea ndani ya kanisa moja! Na kumbe katika inchi nzima Gore alikuwa na kura nyingi kuliko Bush.

Lakini iko jambo kubwa zaidi. Pahali pengi watu walichagua kwa kutoboa tundu katika karata. Tundu lisipofunguka vizuri, mashini haikuona kura. Katika Palm Beach majina yaliandikwa pande mbili, na matundu katikati. Watu wengi walichanganyikiwa. Karata karibu 19,000 zilitupwa pale juu ya kutobolewa zaidi ya mara moja. Wenyewe waliamka, wakapanga mustari, wakachagua; sauti yao haikusikilika.

Wakaanza kuhesabu tena kwa mikono. Siku ya 12 Desemba Tribinali Kuu ikasimamisha kazi hiyo, waamuzi 5 juu ya 4. Kesho yake Gore akasema hapatani na hukumu, lakini anaipokea. Hakuita watu kwa fujo.

Mawazo yetu ni haya: kupiga kura ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni karata ya kufahamika na hesabu ya kweli. Basi, siku ya kuchagua kapita wa darasa, tusikimbilie mupira kisha kuandika jina. Tubaki, tuhesabu mbele ya wote. Ndipo mwenye kushindwa ataweza kukubali kwa roho nyeupe.

Kapita wa wanafunzi, darasa la 6